Wazee na Mipango ya Miji Yetu: Tuliyojifunza Mpanda na Ugalla

Nabii Zekaria alihubiri katika mji uliovunjika. Yerusalemu ilikuwa imebomolewa na Wababeli, na ingawa baadhi ya watu walikuwa wamekwisha kurudi kutoka uhamishoni, yapata mwaka 520 K.K. kuta zilikuwa bado chini na Hekalu halijakamilika. Katika hali hiyo anaeleza jinsi mji utakavyokuwa Bwana atakapokaa tena Sayuni (Zek. 8:4-5). Msomaji angetazamia kusikia habari za minara na malango. Nabii anataja vikongwe, wanaume kwa wanawake, wenye fimbo mikononi kwa sababu ya wingi wa siku zao, wakiwa wameketi nje, na watoto wakicheza mahali hapo hapo. Neno la Kiebrania analolitumia kwa mahali hapo ni *rehovot*, ambalo asili yake ni upana: si kichochoro, bali uwanja wa wazi ulioko katikati ya nyumba za watu.

Wahubiri wengi, nasi tukiwamo, tumezoea kuifanya picha hii kuwa mfano wa amani ya rohoni. Katika makala hii tunakusudia kuichukua kama ilivyo, yaani kama jambo la mipango ya mji. Mzee hawezi kuketi njiani ikiwa hakuna pa kuketi. Hawezi kufika hapo ikiwa mtaro uko wazi na hauna daraja. Wala hathubutu kutoka ikiwa anawaogopa jirani zake. Nabii anaupima mji kwa kipimo hiki kimoja, nasi tunataka kukitumia kipimo hicho kwa mji wa Mpanda na nchi ya Ugalla iliyo jirani yake, mkoani Katavi.

Hatudai kwamba fikira hii ni mpya. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya miji iliyo rafiki kwa wazee, baada ya kuwasikiliza wazee wenyewe katika miji 33 ya mabara mbalimbali, Nairobi ukiwa mmojawapo. Mwongozo huo unataja mambo manane: mahali pa wazi na majengo, usafiri, nyumba, kushiriki katika maisha ya jamii, heshima, kazi na uraia, habari na mawasiliano, na huduma za afya. Hapa kwetu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu kuwa mzee mtu aliyefikisha umri wa miaka 60. Kwa sensa ya mwaka 2012 watu wa umri huo walikuwa wapatao milioni 2.5 nchini. Mtu akiusoma mwongozo ule wa 2007 akiwa Mpanda huona upesi kwamba mengi yameandikwa kwa ajili ya miji yenye mabasi ya halmashauri na njia za waenda kwa miguu zilizosakafiwa. Hata hivyo haifai kuutupa. Yafaa kuuliza maswali yake kwa lugha ya mahali petu.

Nchi iliyopangwa na wengine

Ugalla ni nchi ya miombo, ya nyuki na ya mbung'o, kandokando ya mto Ugalla unaopeleka maji yake Malagarasi. Sehemu yake kubwa ni hifadhi, nayo tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Watu wa huko na wa Mpanda wana historia ndefu ya kupangiwa mahali pa kukaa. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwakusanya watu wa magharibi mwa Tanganyika katika makazi ya pamoja ili kuwakinga na ugonjwa wa malale. Baada ya Vita Kuu ya Pili likaja jambo la madini. Reli ya kilomita 210 hivi ilijengwa kutoka Kaliua, ikauvuka mto Ugalla na kufika Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi, na mji ukakua kwa sababu hiyo. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli na mji vikabaki. Kisha ikaja miaka ya 1970 na operesheni ya vijiji. Mzee wa Kikonongo au wa Kibende mwenye umri wa miaka 80 leo huenda aliihama nyumba yake mara moja au mbili kwa amri, na mara zote mbili hakuna aliyemwuliza angependa mlango wake utazame wapi.

Lakini mpango mkubwa kuliko yote uliopata kufanywa katika nchi hiyo unatuhusu sisi Walutheri kwa namna ya pekee, nao twapaswa kuueleza kwa kirefu kidogo. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwakimbiza watu wengi sana kuja Tanzania. Serikali iliwapa ardhi. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi likatoa fedha, na kazi ya kujenga ikafanywa na TCRS, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 na Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni. Ndivyo yalivyozaliwa makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba karibu na Mpanda, na Mishamo iliyoanza mwaka 1978. Barabara zilipimwa porini, visima vikachimbwa, shule na zahanati zikajengwa, na kila jamaa ikapewa shamba lake kando ya barabara. Mishamo, yenye vijiji 16, ilikabidhiwa kwa Serikali mwaka 1985.

Ilikuwa kazi njema, na wengi wetu tuliwahi kuwasikia walimu wetu wakiisimulia kwa fahari. Lakini tuitazame ramani yake kwa macho ya mtu wa leo. Mashamba yalikuwa makubwa, kwa hiyo nyumba zilikaa mbali na mbali kwenye barabara ndefu zilizonyooka. Kijana mwenye jembe na baiskeli hakuona shida. Waliopanga walikuwa na haki ya kuwafikiria vijana, maana waliofika walikuwa wengi wao vijana wenye watoto wadogo. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 25 mwaka ule wa 1972 sasa amepita 75. Kisima kiko pale pale, na barabara ni ndefu vile vile. Miguu yake ndiyo iliyobadilika. Hapa ndipo tunapoona kosa ambalo si la uovu bali la kusahau: mpango ulihesabu watu, ukahesabu hekta, lakini haukuhesabu miaka.

Liko na jambo la pili. Kwa muda mrefu wakazi wa makazi hayo hawakuruhusiwa kutoka bila kibali. Mwaka 2007 walipoulizwa, wengi wakachagua uraia wa Tanzania na sehemu iliyo ndogo ikachagua kurudi Burundi. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba watu wapatao 162,000 wamekubaliwa kuwa raia. Furaha hiyo iliambatana na sharti zito, kwamba wahamie mikoa mingine na makazi yafungwe. Sharti hilo baadaye likasimamishwa, na tangu mwaka 2014 vyeti vya uraia vilipoanza kutolewa wakaruhusiwa kubaki walipo. Kijana huweza kungoja miaka 4 asijue kama atahama au atabaki. Mzee anayetakiwa kuamua kama aezeke upya nyumba yake au aiache ianguke, kwa kuwa labda mwakani hatakuwapo, miaka 4 kwake ni sehemu kubwa ya siku zilizobaki. Tumewasikia wazee wakisema kwamba kilichowachosha kuliko safari ya 1972 ni kungoja huko.

Chumba cha uani

Tangu hapo njia zimefunguka. Barabara ya Tabora kwenda Mpanda kupitia Sikonge na Koga sasa ina lami, na mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kuugawa mkoa wa Rukwa, umekua upesi mno: sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Mkoa umezidi maradufu kwa miaka 10. Vijana wa Katumba, wa Mishamo na wa vijiji vya Ugalla hufuata biashara na bodaboda mjini. Baada ya miaka michache mtoto mwema, akiona mama yake hawezi tena kulima, humleta mjini akae naye.

Ni tendo la upendo, nalo ndilo linaloleta tatizo ambalo wachungaji wa mjini hawajalizoea. Mama huyo hupewa chumba cha uani katika nyumba ya kupanga. Kutwa mwanawe yuko sokoni. Choo ni cha kuchuchumaa, nacho kinatumiwa na wapangaji wote. Magoti yake hayakubali, na ukutani hakuna pa kushika. Kwa hiyo hupunguza kunywa maji ili asiende chooni mara kwa mara, na katika joto la Mpanda la mwezi wa Oktoba hilo si jambo dogo. Mvua za Novemba zikianza, ua unakuwa tope na mtaro wa mbele ya nyumba unajaa. Njia ya kwenda kanisani ipo, lakini bodaboda si chombo cha mtu wa miaka 78. Kule kijijini alikuwa mtu maskini mwenye jina. Hapa ni bibi wa fulani. Tena Kiswahili chake ni cha kujifunzia ukubwani, Kirundi ndicho cha moyoni, na jirani zake ni vijana wa kila kabila waliokuja juzi. Hakuna aliyemtesa wala kumnyima chakula. Basi ukimwuliza mwanawe kama mama ana shida, atakujibu kwa moyo safi kwamba hana.

Tunapofundisha amri ya nne tumezoea kuieleza kama wajibu wa mtoto kwa mzazi wake. Luther mwenyewe, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, hakuishia nyumbani. Chini ya amri hiyo hiyo alizungumza habari za wenye mamlaka na wajibu wao kwa walio chini yao. Tukimfuata hapo, hatuwezi kumtupia kijana wa sokoni lawama yote. Yeye hakujenga choo kile, wala hakuchimba mtaro. Bwana wetu aliwakemea watu waliotumia korbani kuwakwepa wazazi wao (Mk. 7:9-13), nasi tunaweza kuwa na korbani ya namna yetu, pale jamii nzima inaposema kwamba wazee ni jambo la familia na kwa neno hilo ikajiondolea gharama.

Baadhi ya yanayohitajika ni madogo kiasi cha kuona haya kuyaandika katika jarida la wanatheolojia. Kiti cha mbao chenye tundu, kilichotengenezwa na fundi wa mtaani, kinawekwa juu ya choo cha kuchuchumaa na kuondolewa wengine wanapoingia. Mti mgumu wa kushika hupigiliwa ukutani. Bamba la zege huwekwa juu ya mtaro mbele ya kila nyumba yenye mzee. Benchi la saruji hujengwa chini ya mwembe, katikati ya nyumba na bomba, mtu aweke ndoo chini na kupumua. Katika usharika mmoja tulioutumikia (tusiutaje) tulikuwa na ngazi sita za kuingilia kanisani zisizo na pa kushika. Kwa miaka tuliwaandika wazee kadhaa kuwa wagonjwa wa kupelekewa Sakramenti nyumbani. Walikuwa hawaumwi. Fundi alipojenga mteremko kando ya ngazi zile, kwa saruji isiyozidi ile tuliyotumia kwenye uzio wa mapambo, wanne kati yao walirudi ibadani.

Macho mekundu

Hatuwezi kuandika juu ya wazee wa magharibi mwa Tanzania tukanyamaza juu ya jambo hili. Kwa miongo mingi, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya magharibi, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu yamehesabiwa kuwa dalili. Kila mtu aliyepika kwa kuni au kwa kinyesi cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha anajua wekundu ule unatoka wapi. Ni miaka 50 ya moshi, na mara nyingine ni ugonjwa wa macho ambao ungetibika.

Hili nalo ni jambo la mipango, ingawa wapimaji wa viwanja hawalitaji. Jiko lenye bomba la kutolea moshi hulinda macho, na kwa kulinda macho hulinda uhai. Mjane anayekaa peke yake mwisho wa barabara ndefu ya mashamba yuko hatarini kuliko yule ambaye nyumba yake inatazamana na nyumba nyingine tatu. Taa ya barabarani, kitasa kizuri, na balozi anayejua nani analala wapi, hivyo vyote ni ulinzi. Na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba. Mjane mwenye ardhi bila hati huwa na ndugu wanaongojea. Wakati mwingine mpiga ramli chonganishi hatamki ila lile ambalo waliomlipa walitaka kulisikia.

Kwa upande wetu wachungaji, tukiri kwamba yapo maombi yanayofanyika chini ya paa zetu ambayo humwacha mgonjwa akiwa na hakika kwamba aliyemroga ni mwanamke mzee wa jirani. Tunapoomba kwa namna hiyo tunafanya kazi ya mpiga ramli bila malipo. Torati iliwataka watu wasimame mbele ya mwenye mvi (Law. 19:32), na agizo hilo limeunganishwa katika aya ile ile na kumcha Mungu.

Upana wa njia

Mji hupangwa lini, na mchungaji anaweza kuingia wapi? Wengi wetu tunadhani mipango hufanyika Dodoma, ikifika mtaani imekwisha. Si hivyo. Tunayo Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, lakini sehemu kubwa ya mitaa yetu ilijengwa kabla ya kupimwa, na sasa inapitia kazi iitwayo urasimishaji wa makazi. Katika kazi hiyo wakazi huitwa mkutanoni. Hapo ndipo majirani hukubaliana njia ipite wapi, iwe na upana gani, nani akate ukuta wake na kwa kiasi gani. Hapo ndipo hujulikana kama kutabaki uwanja wa wazi au kama kila hatua itakuwa ya mtu. Mkutano mmoja wa saa tatu waweza kuamua jinsi watu watakavyozeeka mtaani hapo kwa miaka 60.

Wazee hawapo katika mikutano hiyo, au wapo nyuma na hawasikii. Mara nyingine anayesema kwa niaba yao ni mwana ambaye faida yake ni nyingine. Bibi mwenye kiwanja kidogo hupoteza sehemu kubwa zaidi njia inapopanuliwa, maana hatua mbili za kiwanja kidogo si sawa na hatua mbili za kiwanja kikubwa. Na njia pana inayopita magari, isiyo na pa kukatiza, haimfai kitu. Alichohitaji ni njia ya miguu iliyo sawa na mwembe usiokatwa.

Habari ya Mdo. 6:1-6 imefundishwa mno kama asili ya ushemasi na kidogo mno kama habari ya utawala. Wajane waliosahauliwa katika mgawo wa kila siku walikuwa wale wa lugha nyingine. Hakuna aliyewachukia. Orodha tu haikuwafikia. Mitume hawakuhubiri juu ya ukarimu. Waliunda kamati ya watu saba, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani, yaani inaelekea walichaguliwa miongoni mwa watu wa lugha ile ile ya wajane waliolalamika. Mtu akiisoma habari hiyo Mpanda, anamfikiria yule mama wa Kirundi katika chumba cha uani, na anajiuliza ni nani katika baraza la wazee wa kanisa anayeweza kumwuliza hali yake kwa lugha yake.

Orodha ni jambo zito kuliko tunavyodhani. Matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza ni sera ya Serikali, na hospitalini mara nyingi mtu huona dirisha la wazee. Lakini ili kufika kwenye dirisha hilo mzee anahitaji kitambulisho, na ili kukipata yampasa kuthibitisha umri. Mtu aliyezaliwa porini karibu na mto Ugalla, au Burundi kabla ya kukimbia, hana cheti cha kuzaliwa. Alama za vidole vyake zimefutika kwa jembe, na mashine inamkataa. Kanisa lina kitu ambacho ofisi nyingi hazina, nacho ni vitabu vya ubatizo na kipaimara. Tumeona kitabu cha zamani chenye kurasa zilizoliwa na mchwa kikimsaidia mzee kujieleza mbele ya mtendaji wa mtaa, ingawa si kila mtendaji hukubali.

Visiwani, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alipata kuajiriwa au la. Wanafunzi wetu hupenda kubishana kama Bara ingeweza kufanya vivyo hivyo. Ubishi huo una maana, lakini haumzuii yeyote kuanza na mtaa wake.

Wala tusidhani kwamba mzee ni mtu wa kuhudumiwa tu. Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika katika mkoa huu huu wa Katavi, alikaa Adrian Atiman, Mwafrika wa Magharibi aliyenunuliwa kutoka utumwani utotoni, akasomeshwa uganga huko Malta na kuletwa na Mapadre Weupe mwishoni mwa miaka ya 1880. Alikuwa katekista na tabibu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi. Watu walimfuata. Yeye hakuhitaji kwenda mbali, kwa kuwa kanisa, zahanati na nyumba yake vilikuwa mahali pamoja. Hakuna aliyeupanga mji wa Karema kwa ajili ya wazee, lakini udogo wake ulimwezesha mzee mmoja kufaa watu mpaka mwisho. Mji wa Mpanda haupo tena katika hali hiyo, na hautarudi.

Kwa sababu hiyo tumeanza kuwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu, kabla ya mafunzo ya usharikani, zoezi moja jepesi. Kila mmoja amtafute mshirika mwenye fimbo, atembee naye kutoka nyumbani kwake mpaka kanisani kwa mwendo wa huyo mzee, na aandike kila mahali aliposimama na sababu yake. Mwanafunzi mmoja alileta ukurasa wenye vituo 11 kwa njia ambayo yeye huitembea kwa dakika 9. Vituo vitatu vilikuwa mitaro, viwili ni pikipiki, kimoja mbwa. Vilivyobaki aliandika tu kwamba mzee alitaka kuketi na hapakuwa na pa kuketi. Ukurasa huo tuliupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Aliusoma mara mbili, akauliza mwembe uliotajwa katika kituo cha saba ni wa nani.